Ngonjera Zilipofika Manyoni

Sisi tunaokaa visiwani na mwambaoni tuna mazoea ya kuuzungumzia ushairi kama mtu anavyozungumzia kiunga cha minazi alichorithi kwa babu yake: mipaka anaijua, na mgeni akipita humo humtazama kwa jicho la kumkagua. Mazoea hayo yana sababu zake. Tendi kongwe tulizo nazo zilihifadhiwa Pate na Lamu, Muyaka alitungia Mombasa, na wakuu wa elimu wa kikoloni walipokutana mwaka 1928 kuchagua lahaja ya kusanifu, walikichagua Kiunguja. Hata hivyo nathubutu kusema kwamba katika miaka ya 1970 huenda wengi wa waliosimama wiki hadi wiki wakaghani tungo zenye vina na mizani hawakuwa watu wa Lamu wala wa Unguja. Walikuwa watoto wa shule za msingi za bara, wengi wao hawajapata kuiona bahari, na Kiswahili kwao kilikuwa lugha ya pili.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilizaliwa mwaka 1971 katika wilaya ya Manyoni, mkoa wa Singida, na nyumbani tulisema Kigogo. Leo naishi kisiwani, chakula changu nakipata kwa kutafsiri, na cheti cha shule nilicho nacho ni kimoja tu, cha darasa la saba. Watu wameniuliza mara nyingi Kiswahili hiki nilikipata wapi, wakitarajia nitaje chuo. Jibu la kweli ni ngonjera. Kwa hiyo lile swali linalozuka kila mitaala inapobadilishwa, kwamba sanaa inamfaa nini mwanafunzi, kwangu si swali la watu wengine. Nitalijibu kwa njia ya historia, kwa kuwa historia ya huko kwetu inaionyesha faida yenyewe, na inaonyesha pia ilivyopotezwa.

Msomaji asiyefika Singida na aione nchi ya uwanda mkavu katikati ya Tanzania, yenye upepo, mawe makubwa yaliyopandiana, maziwa ya chumvi ya Singidani na Kindai, alizeti, vitunguu na asali. Wanyaturu wako kati yake, Wanyiramba kaskazini, na kusini, Manyoni, wako Wagogo. Mkoa wenyewe ulizaliwa mwaka 1963 lilipogawanywa Jimbo la Kati, na mpaka uliochorwa siku hiyo ukawaacha baadhi ya Wagogo Singida na wengi wao Dodoma. Jambo hilo tulikumbuke, maana tutalihitaji mbele.

Kiswahili kilitufikia mapema kuliko wengi wanavyodhani. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita Ugogo, na watemi wa huko waliwatoza wapitaji hongo kabla ya kuwaruhusu kupita na kunywa maji. Wazungu kama Richard Burton, aliyepita huko katika safari yake ya 1857 hadi 1859, walijaza kurasa kwa malalamiko juu ya hongo hiyo. Mimi nikizisoma huwa nacheka, kwa sababu anayejua thamani ya kisima cha Ugogo mwezi wa Oktoba hashangai kuombwa malipo. Kilimatinde, ambayo leo imo wilayani Manyoni, ilikuwa kituo cha njia hiyo, na baadaye Wajerumani wakaweka boma hapo. Kisha ikaja reli ya kati, iliyofika Tabora mwaka 1912. Lakini Kiswahili cha misafara, cha boma na cha reli kilikuwa lugha ya kununulia, ya kuamrishia na ya kushtakia. Hakuna aliyekitumia kumbembelezea mtoto.

Elimu ya sanaa nayo haikungoja shule. Wagogo wana zeze, wana ilimba, ambayo ni marimba ya kushika mkononi na kupigwa kwa vidole gumba, na wana ngoma za muheme wanazopiga wanawake. Juu ya yote wana uimbaji wa sauti nyingi zinazokwenda pamoja bila kufanana. Mtoto hakuitwa akafundishwa. Alikaa pembeni, akasikia, akaiga na wenziwe machungani, na siku moja akajikuta amo ndani. Kedmon Mapana, mwana wa Ugogo aliyekuja kuwa mwanazuoni wa muziki na kisha Katibu Mtendaji wa Baraza la Sanaa la Taifa, amezitafiti nyimbo za watoto wa Kigogo na jinsi wanavyojifunza kwa kushiriki. Ninachoweza kuongeza kutokana na kumbukumbu yangu ni kwamba katika uimbaji ule sauti yako haina maana peke yake. Ni lazima uitafutie nafasi kati ya sauti za wengine, na asiyesikiliza hutambulika mara moja, kwa maana huharibu. Sijui somo lolote la darasani linalomfundisha mtoto kusikiliza kwa ukali kama huo.

Shule ilipokuja ilikuja na misheni. Upande wa Iramba na Unyaturu walifika Walutheri wa Augustana kutoka Marekani mwaka 1926, na Kinampanda pakawa mahali pa kufunzia walimu. Katika shule za misheni za enzi hizo, ngoma kwa kawaida ilihesabiwa kuwa mambo ya giza, na wimbo ulioruhusiwa ulikuwa wa Ulaya uliotiwa maneno ya Kiswahili. Kama mfasiri, hapa siwezi kupita kimya. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Wimbo wa Kijerumani au wa Kiswidi una mikazo yake, nao haumngoji mtu. Matokeo yake ni maneno yanayovutwa mahali pasipovutwa na kukatwa pasipokatwa, na mtoto anayejifunza lugha kwa nyimbo hizo hujifunza kuitamka vibaya kwa heshima kubwa.

Kulikuwa na mmoja aliyelisikia kosa hilo. Howard Olson, Mmarekani wa misheni hiyohiyo aliyekuja Tanganyika mwaka 1946, alijifunza Kirimi, yaani Kinyaturu, kwa bidii iliyomfikisha kuandika tasnifu yake ya mwaka 1964 juu ya sauti na maumbo ya lugha hiyo. Baadaye, alipokuwa mwalimu Makumira, karibu na Arusha, alikusanya nyimbo zilizotumia lahani za Kiafrika. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo, *Tumshangilie Mungu*, kilitoka mwaka 1968. Baadhi ya nyimbo zilitungwa na wanafunzi wa chuo. Ule wa Bernard Kyamanywa wa mwaka 1966 umetafsiriwa ukaimbwa hadi Ulaya na Marekani. Msomaji wa dini nyingine asinielewe vibaya, simhubirii mtu. Ninachokitaja ni kitendo cha ufundishaji: mwalimu aliwaambia wanafunzi walete lahani za kwao na watunge wenyewe, na wakatunga vitu vilivyodumu.

Upande wa serikali neno zito lilisemwa tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa jamhuri. Katika hotuba yake Mwalimu Nyerere alisikitika kwamba wasomi wa nchi walijua kucheza rumba na twisti ilhali wengi hawajapata hata kusikia gombesugu au lelemama, akatangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Mwaka uliofuata yeye mwenyewe alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar. Nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na bado kuna mahali namwonea wivu na mahali ambapo ningebishana naye.

Wizara haiwezi kumfundisha mtoto shairi, anayeweza ni mshairi. Na hapa ndipo kiunga cha minazi kinapoanza kuonekana kwamba kina wakulima kutoka mbali. Kitabu ambacho watu wengi tuliojifunza wenyewe tumekitumia kama sheria, *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri* cha mwaka 1954, kiliandikwa na Kaluta Amri Abedi, mtu wa Ujiji, ng'ambo ya pili ya nchi kabisa. Na aliyeupeleka ushairi ndani ya madarasa alikuwa Mgogo.

Mathias Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 katika Ugogo ya upande wa Dodoma, akasoma shule za misheni ya Kikatoliki, akafanya kazi za ukarani na baadaye za mahakama. Mwaka 1954 alitoa historia ya Wagogo na mila zao kwa Kiswahili. Aliandika kisa cha mrina asali. Na diwani yake ikatoka mwaka 1963. Alizitawala kanuni za mwambao, mizani kumi na sita iliyogawanywa nane kwa nane, kina cha kati na kina cha mwisho, kama mtu aliyezaliwa nazo. Alikuwa pia kiongozi katika UKUTA, chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania. Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 1967, na Elimu ya Kujitegemea kulifuata mwezi Machi, Kiswahili kilikuwa kinafanywa lugha ya kufundishia shule zote za msingi. Mwaka 1968 Nyerere alikutana na washairi akawaomba wautumie ushairi kuwafikishia wananchi siasa mpya ya nchi. Jibu la Mnyampala lilikuwa ngonjera.

Kwa umbo, ngonjera ni shairi la kujibizana. Mmoja hajui au hakubali, mwingine anajua. Wanaulizana na kukanushana ubeti kwa ubeti mpaka mwisho wanapatana. Mwambao ulikuwa na malumbano ya washairi tangu zamani, na wakosoaji wengine wameiona ngonjera kuwa ni malumbano yaliyong'olewa meno, kwa kuwa mshindi anajulikana kabla ya ubeti wa kwanza. Ukosoaji huo ni wa haki, nami nitaurudia. Lakini wakosoaji huisoma kitabuni, na ngonjera haikukusudiwa kusomwa. Ilikusudiwa kusimamiwa. Wanafunzi walipangwa wawili wawili au makundi mawili, wakaitoa kwa sauti, kwa mikono na kwa uso, mbele ya watu. Mnyampala hakuishi kuliona jambo hilo likienea. Alifariki mwaka 1969, na *Ngonjera za UKUTA*, kitabu cha kwanza na cha pili, vikachapwa mwaka 1970 na 1971.

Ikafuata mvua kubwa. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto aingie shule ya msingi, na kufikia mwaka 1977 mpango huo wa UPE ulikuwa umejaza madarasa kupita kiasi. Walimu hawakutosha, wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa ualimu hukohuko vijijini, wakijifunza na kufundisha kwa wakati mmoja. Vitabu navyo havikutosha. Katika shule ambayo kitabu kimoja kinagombewa na watoto watano, ngonjera ina sifa moja isiyo na mpinzani: ikishaingia kichwani haihitaji kitabu. Na wazazi wetu walikuwa katika madarasa ya kisomo cha watu wazima jioni, na redio iliwaletea kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973 na Chakula ni Uhai mwaka 1975. Kwa hiyo mtoto aliyeghani uwanjani alikuwa na hadhira iliyokuwa inajifunza lugha ileile kwa wakati uleule. Mama yangu alijifunza maneno yake mengi ya Kiswahili kwa kunisikia nikifanya mazoezi huku nikichunga mbuzi.

Mwaka 1982 nilikuwa darasa la nne. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa mmoja wa vijana wale wa UPE, pengine alitupita miaka kumi tu. Hakuwa na elimu kubwa ya ushairi, na yumkini hakuwahi kukiona kitabu cha Amri Abedi, ila alikuwa na vidole. Alitufundisha kuhesabu mizani kwa kukunja kidole kimoja kwa kila silabi, na kidole cha nane kikikunjwa unapumua. Siku moja alituambia tusighani tu, kila mmoja atunge mshororo mmoja juu ya kitu alichokiona njiani asubuhi ile. Nikasimama nikasema:

Kisima kimekauka, ndoo ya mama tupu.

Alikunja vidole nane kwa ukwapi, akatikisa kichwa kukubali. Alipofika kwenye utao alikunja saba, na kidole cha nane kikabaki kimesimama peke yake. Akakiinua juu darasa zima likione. "Hiki hakina chakula," alisema. Wakacheka, nami nikaketi kwa haya. Usiku wote nilikitafutia kidole kile chakula. Asubuhi nikaenda nalo: ndoo ya mama *ni* tupu.

Mtu wa mwambao ataona nilichokiokota. Neno lile "ni" ambalo wageni wa Kiswahili hulidondosha au hulitumbukiza kila mahali, mimi sikulijua kwa kanuni ya sarufi. Nililijua kama kitu ambacho kikikosekana panabaki pengo linaloonekana kwa macho. Leo ningeandika "i tupu", kwa kuwa kisiwa kimenifundisha kwamba ndoo ina kiambishi chake. Lakini hadi leo nikitafsiri sentensi yoyote, hata ya mkataba wa kupangisha nyumba, nasikia kidole kilichosimama.

Nikitakiwa kuorodhesha faida za sanaa kwa mwanafunzi naweza kutaja kumbukumbu, matamshi, ujasiri wa kusimama mbele ya watu. Zote nilizipata na nazishukuru. Faida iliyonibeba, hata hivyo, ni ile ya usiku mmoja. Kwa mara ya kwanza kazi ya shule haikuwa kurudisha kile nilichopewa. Nilikuwa na kitu changu, kina kasoro, kasoro yake inajulikana mahali ilipo, na kuitengeneza kulikuwa juu yangu. Mtoto aliyewahi kulala na jambo kama hilo anaweza kukosa nafasi ya sekondari, kama nilivyoikosa mimi na wengi wa darasa langu mwaka 1985, na bado akaendelea kusoma. Nilifika pwani mwaka uliofuata nikafanya kazi za kubeba. Kitabu cha Amri Abedi nilikipata kwa muuza vitabu vikuukuu, kimeng'oka jalada, na nilipokifungua nilikuta sheria zake nyingi tayari ninazo vidoleni.

Sasa nirudie ule ukosoaji, maana hadithi ya mshororo wangu haikuishia darasani. Mwalimu aliupenda akautia katika ngonjera tuliyokuwa tunaiandaa kwa ajili ya mgeni wa serikali aliyekuwa anakuja kuzindua jambo fulani, sikumbuki tena ni nini. Katika ubeti wa kwanza mkulima analalamikia kisima, katika wa pili kijana wa Ujamaa anamjibu. Siku mbili kabla ya ugeni mkuu wa shule alikuja kutusikiliza. Tulipofika kwenye kisima alitunyamazisha. Mgeni, alisema, haambiwi kisima kimekauka. Akaandika mwenyewe mshororo mwingine wa kumpongeza mgeni kwa safari yake njema, uliopungukiwa na mizani mbili, na mwalimu wetu, ambaye vidole vyake nilivitazama wakati ule, hakusema kitu. Siku ya shughuli tuliughani hivyohivyo. Mama alikuwepo uwanjani, kwa sababu wanawake walikuwa wameitwa kuteka maji ya wageni; waliyateka mbali, tangu alfajiri.

Simlaumu sana mkuu yule. Aliufuata mkondo uliokwisha kutandikwa. Ngonjera iliyozaliwa ili mtu asiyejua ajibizane na mtu anayejua ilikuwa imegeuka salamu. Kadiri uchumi ulivyozorota katika miaka ya 1980 na siasa yenyewe ikapoteza nguvu, ndivyo lilivyobaki ganda: watoto wamesimama juani katika mistari miwili, wakimshukuru mtu wasiyemjua kwa jambo wasilolielewa, kwa maneno ambayo mwalimu aliandika usiku wa kuamkia siku hiyo. Anayeiona ngonjera ya namna hiyo akauliza inamfaa nini mtoto, ana haki ya kuuliza.

Na hasara nyingine ni ya historia yenyewe. Mada zetu zilitoka mbali. Tulighani juu ya Azimio la Arusha, juu ya nduli Amin na vita vya 1978 na 1979, juu ya ukombozi wa Msumbiji. Yote yalistahili. Lakini mkoani mwetu kulikuwa na habari za Liti Kidanka, mwanamke wa Kinyaturu ambaye simulizi za kwao zinasema aliwapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kuwatumia nyuki, mpaka wakamuua. Liwepo jambo gani zaidi kwa ngonjera? Kuna mwanamke, kuna askari, kuna nyuki, na kila mmoja ana la kusema. Mtafiti Marguerite Jellicoe alichapisha makala juu ya upinzani huo wa Waturu katika jarida la *Tanzania Notes and Records* mwaka 1969, mwaka uleule aliofariki Mnyampala, kisha kitabu kizima juu ya Wanyaturu mwaka 1978. Yalikuwa kwa Kiingereza, hayakufika darasani. Mimi nililisikia jina la Liti nikiwa mtu mzima. Uwanja wa michezo wa Singida mjini, uliokuwa ukiitwa Namfua, umekuja kupewa jina lake, kwa hiyo watoto wa leo walau watalisikia katika matangazo ya mpira.

Kuna upande wa pili wa biashara hii ambao watu wa pwani hawapendi kuutaja katika hesabu zao. Ushairi ulipanda kutoka mwambao hadi Ugogo, na muziki wa Ugogo ukashuka hadi mwambao. Hukwe Zawose, mpiga zeze na ilimba kutoka Dodoma, alichukuliwa na Nyerere kwenda Dar es Salaam kujiunga na kikundi cha ngoma cha taifa, na Chuo cha Sanaa kilipoanzishwa Bagamoyo mwaka 1981 akawa miongoni mwa walimu wake. Mtu ambaye elimu yake ilikuwa ya machungani alifundisha wanafunzi wa cheti, akasafiri dunia nzima na kurekodi Uingereza, akafariki Desemba 2003 huko huko Bagamoyo. Ile njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo ikapita visimani kwetu, ndiyo zeze liliyoirudi. Chuo hicho tangu mwaka 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Hapa Unguja nasi tumekuwa na Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi tangu mwaka 2001, ambako kanuni na udi hufundishwa kwa mpango. Ila hivyo ni vyuo vya wachache waliokwisha kuamua kuwa wasanii. Swali langu ni la mtoto wa darasa la nne ambaye hatakuwa msanii.

Kwake yeye historia ya miaka ya karibuni ni fupi. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 iliitaja sanaa ya shuleni kwa maneno mazuri. Sanaa ikapewa kijisehemu ndani ya somo la Stadi za Kazi, na kwa kuwa mtihani wa darasa la saba haukuliuliza somo hilo, wazazi na walimu wakajua la kufanya na kipindi chake: kilikwenda kwa Hisabati. Walimu waliofunzwa sanaa kwa dhati, wengi wao katika Chuo cha Ualimu cha Butimba, Mwanza, hawakuweza kutosha nchi nzima. Kisha mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024, ukianzia na madarasa machache, ukaleta shule ya msingi somo lenye jina lake: Sanaa na Michezo.

Mwaka huohuo, mwezi Machi, nilikwenda Manyoni kwa msiba, na jamaa yangu anayefundisha huko aliniomba nipite shuleni kwao nionane na darasa la tatu, kwa kuwa wamepewa somo jipya na yeye hajui aanze wapi. Nilipoingia walisimama wote wakanipokea kwa ngonjera. Walinishukuru kwa maendeleo niliyowaletea. Nilikuwa nimeleta peremende.

Nikawaomba waketi. Nikamwuliza msichana wa safu ya mbele, Mbukwa, huko nyumbani kuna habari gani. Aliona haya kwanza, akamtazama mwalimu wake, mwalimu akamwambia ajibu. Akasema wamehamia kwa bibi. Kwa nini? Akajibu kwa sauti ndogo, kama mtu anayerudia alichosikia watu wazima wakisema usiku: "Alizeti ilishuka."

Nilihesabu bila kukusudia, chini ya meza, kama ninavyofanya siku zote. A-li-ze-ti i-li-shu-ka. Nikainua vidole vyote nane darasa livione, nikawaambia mwenzao amekwisha kutunga nusu ya mshororo, na nusu hiyo inaitwa ukwapi. Msichana akaniuliza nusu ya pili iko wapi.